Ajali Ina Kinga

Kila nyumba inapoungua hapa Bunia husikika maneno ya aina tatu, na huja kwa mpangilio uleule. Ya kwanza husemwa majivu yakiwa bado yanafuka: "Ajali haina kinga." Ya pili huletwa jioni na anayeongoza maombi: "Ni mapenzi ya Mungu." Ya tatu hayasemwi kwa sauti. Hunong'onwa chini ya mwembe, macho yakimtafuta jirani fulani: "Hapa kuna mkono wa mtu."

Leo nayakataa yote matatu. Mungu hakumtuma mtu aache mafuta motoni akaongee na simu. Mchawi hana haja ya kuruka usiku juu ya mabati yako ikiwa wewe mwenyewe umelaza bido ya esansi, yaani dumu la petroli, hatua mbili kutoka kwenye babula, jiko letu la makala (makaa). Mkono wa mtu upo kweli, wala sibishi. Ni mkono wangu na wako, ule uliowasha moto kisha ukauacha peke yake.

Nyani haoni kundule, kwa hiyo nianze na mkono wangu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kwanza, kiangazi, vumbi jekundu limetanda hadi kwenye majani ya migomba. Mke wangu alikuwa sokoni. Mimi, mwanamume aliyesoma, nikaamua kukaanga ndakala, wale samaki wadogo. Nikamimina mawese kwenye sufuria, nikaweka juu ya babula, nikasubiri mafuta yaungue mpaka wekundu upotee, kama tunavyofanya sote. Simu ikalia. Nikatoka uani kwa sababu ndani mtandao haushiki vizuri. Nikaongea, nikacheka, nikaulizia habari za watoto wa mtu mwingine.

Niliporudi moshi ulikuwa umeshuka hadi usawa wa kifua. Mbele ya macho yangu ule moshi ukageuka moto, bila mlio, kama mtu aliyewasha taa. Nikafanya kile nilichofundishwa tangu utotoni, kwamba adui wa moto ni maji. Nikachota kopo zima kwenye bido, nikamwaga.

Wanafunzi wangu wa zamani wangenicheka, kwa maana sayansi yake ni ya darasani. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yalizama hadi chini ya sufuria, yakakuta joto linalozidi mara tatu lile linalotosha kuyachemsha, na papo hapo yakawa mvuke. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita 1,700 hivi. Nafasi hiyo haimo ndani ya sufuria ya ndakala. Mvuke ukalipuka kwenda juu, ukabeba mafuta yanayowaka, na nguzo ya moto ikagonga mabati. Matone yakatua kwenye mkono wangu wa kushoto. Nami, kwa kukamilisha ujinga wangu, nikaishika sufuria ili niitoe nje.

"Papa, weka chini! Usiibebe!"

Alikuwa mama jirani, aliyeingia bila kubisha hodi. Mkononi alikuwa na mfuniko wa sufuria yake mwenyewe, wa alumini, mkubwa, ukingo umebonyea upande mmoja. Hakuutupa juu ya moto. Aliusogeza taratibu kutoka upande wake, akiufanya ngao kati ya uso wake na ndimi za moto, mpaka ukafunika mdomo wote wa sufuria. Moto ukafa. Alichukua kijiti akakokota makala yote kutoka chini ya babula, kisha akasema neno ambalo hata leo nalisikia: "Sasa mtu asifunue." Tulikaa nje zaidi ya nusu saa tukiitazama sufuria iliyofunikwa kama watu wanaolinda mfungwa.

Zimamoto iliyookoa nyumba yangu ilikuwa mfuniko mmoja uliobonyea. Alama nyeusi bado iko kwenye mabati yangu, duara pana kama ungo. Kila fundi anayekuja hunishauri niipake rangi. Nakataa.

Sasa turudi kwenye ile methali ya msibani. Lugha yetu ina akili kuliko sisi tunaoisema. Kinga ni kile kinachozuia madhara. Kinga pia ni kipande cha ukuni chenye moto, na ndiyo maana wazee walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ukuni mmoja peke yake huzimika. Hukolea ukikutanishwa na wa pili. Kwa hiyo anayesema ajali haina kinga na aende akaangalie jikoni kwake. Atakuta zimejaa kinga za aina ya pili, zimepangwa vizuri moja kando ya nyingine, wala hakuna hata moja ya aina ya kwanza.

Tuzihesabu. Babula imewekwa kwenye kona, imeegemea ukuta wa miti na potopoto ambao udongo wake ulishabanduka, fito na nyasi ziko wazi. Juu ya babula imetandazwa kamba ya nguo za mtoto, kwa kuwa mvua imenyesha na nguo hazikukauka. Kando yake kuna gunia la makala, mdomo wazi. Kuwasha tunatumia mifuko ya plastiki, tone la moto likidondoka sakafuni tunalikanyaga kwa ndala. Usiku umeme ukikatika tunabandika mshumaa juu ya kopo tupu la maziwa, karibu na chandarua. Mlango ni mmoja, na nyuma yake kuna mtungi wa maji, baiskeli na mfuko wa mihogo.

Halafu inakuja kinga kubwa kuliko zote. Kwetu hapa pikipiki tunaiita moto. Kwa kuogopa wezi, saa mbili usiku baba huiingiza ndani, tangi limejaa. Basi moto ya baba na moto wa mama hulala chumba kimoja. Mnashangaa nini zikioana?

Esansi ndiyo dhambi yetu ya kila siku. Hapa mji umejaa vijana tunaowaita Kadhafi, wanaouza mafuta barabarani kwa chupa na bido. Siwalaumu kwa kutafuta maisha. Lakini biashara haiishii barabarani. Jioni ile bido hurudi nyumbani, na nyumbani hakuna ghala. Kuna chumba, kuna kitanda, kuna jiko. Wapo na wanaomwaga kidogo kwenye makala "ili yashike haraka". Ndugu yangu, mafuta ya mawese hayawaki mpaka uyachemshe kupita kiasi. Esansi haisubiri kuchemshwa. Inatoa mvuke hata kwenye baridi ya asubuhi ya Bunia, na kinachowaka ni huo mvuke. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini ya meza na chini ya kitanda, huuoni, mpaka ukute kaa moja lililo hai. Hapo moto haurudi kwenye chupa kwa miguu. Unaruka.

Kama kuna nchi isiyohitaji kufundishwa haya, ni yetu. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, Kivu Kusini, katika barabara ya kati ya Bukavu na Uvira, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikuja kuteka esansi iliyokuwa ikimwagika. Wengine walikuwa kwenye vibanda vya karibu wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Walikufa watu zaidi ya 230. Oktoba 2018, kule Mbuba, Kongo Kati, lori jingine likaungua na kuua makumi ya watu. Tulilia, serikali ikatangaza maombolezo, bendera zikashushwa. Kisha tukarudi nyumbani tukaiweka bido mahali pake, chini ya meza.

Na sasa nawageukia wanaume wenzangu, maana najua wengi wenu mmeanza kusoma kwa jicho moja mkisema haya ni mambo ya jikoni, ya wanawake. Nani aliyenunua ile esansi? Nani aliyejenga jiko lenye mlango mmoja na dirisha dogo kama la kuchungulia? Nani anayeona fedha ya simu mpya lakini haoni fedha ya babula isiyoyumba? Mama anapikia watu wanane juu ya mguu wa bati uliopinda, mtoto mgongoni, mwingine anatambaa, nawe umekaa kibarazani unauliza chakula kitaiva saa ngapi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba majeraha ya moto huua watu 180,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu, na kwamba wanawake na watoto huumia zaidi kwa sababu ndio wanaokaa karibu na moto wa kupikia. Jiko si la wanawake. La wanawake ni jeraha tu, kwa sababu tumewaachia.

Naijua pia hoja ya pili. "Bwana, sisi watu wa Ituri tumeona moto wa kweli. Unatuletea habari za sufuria?" Ni kweli tumeuona. Mwezi wa tano 2003 mji huu ulikuwa uwanja wa vita. Juni 2023, katika kambi ya Lala huko Djugu, wapiganaji wa kundi la CODECO waliua watu zaidi ya 40 na kuchoma vibanda, na nusu hivi ya waliokufa walikuwa watoto. Anayetoka katika moto wa namna hiyo hawezi kuushangaa moto wa makala. Ndiyo hatari yenyewe. Tumezoea moto mkubwa hadi mdogo tunauona kama jamaa wa nyumbani.

Nenda Kigonze, kambi ya wakimbizi wa ndani iliyo pembeni mwa mji wetu, ukasimame katikati ya vibanda. Kibanda cha turubai, nyasi na fito, kinafuatwa na kingine cha turubai, nyasi na fito, na kati yao nafasi ambayo mama mwenye ndoo kichwani anapita kwa kujibanza. Mvua ikinyesha, kuni na masufuria yote huingizwa ndani. Watu hawa walikimbia nyumba zilizochomwa Djugu. Tumewapokea, tukawapanga kama vijiti ndani ya kiberiti. Sisemi wao ni wazembe. Asiye na ukuta hana pa kusogeza jiko. Nasema wanaochora ramani za kambi, wanaogawa turubai na kupiga picha za kugawa turubai, wanajua vizuri kabisa kwamba nafasi ya mita chache kati ya safu na safu, na majiko ya pamoja nje ya vibanda, huzuia moto wa kibanda kimoja usiwe moto wa kambi. Kama ardhi haitoshi, semeni ardhi haitoshi. Msiseme ajali haina kinga.

Nafika sasa kwa wakubwa. Kanuni za usafiri wa anga duniani zinataka uwanja wa ndege uwe na kikosi cha zimamoto kinachosubiri kila ndege inayotua, kwa maana ndege ina watu na mafuta. Vizuri sana. Nauliza tu kuhusu mitaa yetu: Mudzi Pela hakuna watu? Nyakasanza hakuna mafuta? Muulize mpita njia yeyote sokoni, atakutajia namba ya kutuma pesa kwa simu, namba ya dereva wa teksi moto, namba ya mchungaji. Muulize namba ya kuita zimamoto. Atakutazama kama umemuuliza njia ya kwenda mwezini. Na hata gari hilo jekundu likija, litapita wapi? Vichochoro vyetu vimekatwa na kuta mpya, ngazi za maduka, vibanda vya mauzo na mirundo ya mchanga wa wajenzi. Viwanja viligawanywa mara mbili, mara tatu, kila mara na mhuri, kila mara na malipo. Mhuri haukukosekana. Njia ndiyo ilikosekana.

Bunia imekuwa makao makuu ya mkoa wa Ituri tangu 2015. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na naelewa kwamba wenye magwanda wana mambo makubwa mezani. Lakini mama anayeuza nyanya analipa ushuru kila asubuhi, vita viwepo visiwepo. Anayepokea ushuru wa meza ana deni kwa mwenye meza. Sidai helikopta. Nadai kichochoro kimoja kilicho wazi katika kila avenyu. Nadai mapipa ya maji na mchanga sokoni, mahali panapoonekana. Nadai kila shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, apewe mafunzo ya siku moja kisha ayafikishe kwa shefu wa avenyu, na shefu wa avenyu kwa nyumba. Tunajua kukutanisha watu kwa jambo lolote lenye risiti. Tukutane na kwa hili.

Ila sitawadanganya. Hata wakubwa wakitimiza yote, gari likaja mbio, litakuta mafuta ya sufuria yameshamaliza kazi. Moto wa jikoni huamuliwa katika dakika yake ya kwanza, na dakika hiyo si ya meya wala ya gavana. Ni ya yule aliyesimama mbele ya sufuria. Sisi Wakongo tunajisifu kwa kifungu cha 15, ile sheria isiyoandikwa inayosema jitegemee. Tumeitumia kwa kila kitu, hata kwa yale tuliyopaswa kuyadai. Mahali pekee ambapo kifungu cha 15 ni sheria halali ni hapa, katika dakika hii moja, na ndipo tunapokosa kuitii. Badala ya kushika mfuniko tunashika simu ili tupige video.

Basi sikilizeni. Mafuta yakiwaka, usimwage maji na usiibebe sufuria. Telezesha mfuniko kutoka pembeni, ondoa makala au zima jiko, acha ikae imefunikwa mpaka ipoe kabisa. Ukifunua mapema hewa inaingia na moto unafufuka. Huna mfuniko? Sinia la bati linatosha, au sufuria kubwa zaidi iliyopinduliwa. Msituletee hapa ile methali ya dawa ya moto ni moto. Dawa ya moto wa mafuta ni kuunyima pumzi.

Kama kinachowaka ni kuni, gunia au nguo, hapo maji na mchanga ni marafiki. Kama ni waya wa umeme, ule mmoja unaolisha nyumba nne, kata umeme kwanza. Maji na waya wenye umeme huua hata palipokuwa hakuna moto. Nguo yako ikishika moto usikimbie, kwa kuwa kukimbia ni kuupepea. Lala chini, funika uso kwa viganja, jibiringishe, na aliye karibu akufunike kwa kitambaa kizito cha pamba au blanketi nene. Na moto ukikushinda, toka, toa watoto, funga mlango nyuma yako, usirudi kuchukua televisheni wala kadi ya kupigia kura. Ndani ya moshi tambaa, maana hewa nzuri inabaki chini.

Kisha kuna jeraha, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda zaidi, kwa sababu upendo wetu wenyewe ndio unaotuumiza. Siku ile mkono wangu ulipoungua, jirani wa kwanza alikuja mbio na dawa ya meno. Wa pili alikuja na yai. Wa tatu, mzee ninayemheshimu, alileta mawese, mafuta yaleyale yaliyoniunguza, anipake. Kila mmoja alikuja kwa huruma, na kila mmoja alikuja na kitu kinachofungia joto ndani ya nyama na kumwachia muuguzi kazi ya kukwangua kidonda. Jeraha la moto linataka maji safi, ya baridi ya kawaida, yakitiririka juu yake kwa dakika 20. Utaniambia bomba liko wapi. Piga hesabu: ukimwaga kwa kikombe, kidogo kidogo, lita moja kwa dakika, dakika 20 ni lita 20. Hiyo ni bido moja, ileile ambayo binti yako huteka kila asubuhi. Weka beseni chini, maji yatafaa kwa kazi nyingine. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, kisha nenda kwa wauguzi, hasa kama aliyeungua ni mtoto, au ni uso, viganja au sehemu za siri.

Kuna na moto usiowaka. Usiku wa mvua, baridi ya miinuko yetu ikiingia mifupani, wako wanaoingiza babula yenye makala mekundu chumbani, wakafunga mlango na dirisha ili "wapate joto". Makala yasiyotoa moshi bado yanatoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Inamkuta mtu usingizini na kumwacha huko huko. Asubuhi watu wataingia, hawataona jeraha, hawataona damu, na ile sauti ya chini ya mwembe itaanza tena: mkono wa mtu. Toeni babula nje!

Atasimama mwenye kiburi kidogo aniambie tatizo ni makala yenyewe, tuhamie gesi na umeme. Namuunga mkono, tena kwa nguvu. Ni aibu kwamba nchi yenye maporomoko ya Inga ina watu wasiofika 10 kati ya 100 wanaopikia nishati safi. Jirani zetu Watanzania waliandika mkakati wao mwaka 2024, wakajiwekea lengo la kufikisha asilimia 80 ifikapo 2034; sisi bado tunakata misitu ya Ituri gunia kwa gunia. Lakini gesi nayo si malaika. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaa wa Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka na kuchoma nyumba za watu waliokuwa wamelala. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi, usiwashe hata simu ya kumulika. Pima maungio kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Anayehamia gesi akiwa na tabia za makala amebadilisha jiko tu.

Na yule wa mwisho, anayesema haya yote yanataka pesa, huyo simwonei huruma. Mfuniko unao. Mchanga uko barabarani, tena mwingi kupita kiasi. Gunia kuukuu lililoloweshwa halina bei. Kusogeza babula hatua tatu kutoka ukutani hakulipiwi ushuru. Kumwambia mtoto maneno mawili, hapa usivuke, hakuhitaji mfadhili. Umaskini wetu ni wa kweli na nitaupigia kelele kila wiki, lakini sitaukubali uwe mchawi mpya wa kubebeshwa kila kitu.

Jumamosi inakuja, na salongo, ile kazi yetu ya pamoja ya usafi, inakuja nayo. Tutatoka na majembe, tutazoa takataka, tutazibua mifereji kwa sababu wakubwa watapita kukagua. Kabla hujatoka na jembe, fanya salongo ya dakika kumi ndani ya nyumba yako, isiyokaguliwa na mtu. Toa bido ya esansi, ipeleke mbali na moto na mbali na watoto. Ukikosa mahali salama, usiinunue. Egesha moto ya baba mbali na moto wa mama. Ondoa kamba ya nguo juu ya babula. Ondoa baiskeli nyuma ya mlango. Jaza ndoo moja mchanga. Kisha waite wote wa nyumbani, baba ukiwa wa kwanza, na mmoja mmoja aonyeshe jinsi ya kutelezesha mfuniko juu ya sufuria tupu, kutoka pembeni, bila kukimbilia.

Mama jirani hakuudai mfuniko wake tena. Umening'inia kwenye msumari jikoni kwangu, usawa wa mkono, chini ya ile alama nyeusi. Mgeni akiniuliza wa nini, namwambia: hiyo ndiyo kinga. Na wewe msomaji, inuka sasa hivi ukaangalie wako uko wapi.